Kulia Kibukavu

Mimi ni mtu wa kulia, na sioni aibu kusema hivyo. Nimekulia Kadutu, Bukavu, kwa wazazi Wanyarwanda waliokwenda kutafuta maisha ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Kongo, na kwetu Kadutu msiba usio na sauti ni kama chakula kisicho na chumvi: watu watakula, lakini wakitoka watasengenya. Mume akifa, mjane anafungua kinywa na kumwambia yote. Anamsifu, anamgombeza, anamuuliza sasa nani atafunga mlango usiku. Wanawake wengine wanampokea. Huyu akichoka, yule anashika. Hakuna anayeachwa alie peke yake. Ukimaliza umemaliza, unanawa uso, unaletewa sahani.

Nkungu, upande wa Rwanda, kwao mume wangu Cassien, hawalii hivyo. Wanalia ndani. Chozi likiponyoka linafutwa upesi kwa ncha ya kitenge, jirani anasema "ihangane", yaani vumilia, na mambo yamekwisha. Tangu nilipoolewa huku niliwatania. Nilimwambia Cassien, "Ninyi hata mukikanyaga moto munasema asante." Alikuwa anacheka hadi tumbo linatikisika. Alikuwa dereva wa lori la kiwanda cha saruji kule Muganza, mtu mzito, mwenye sauti, na nadhani alinipenda kwa sababu nyumba yetu ilikuwa na kelele. Mungu hakutupa mtoto. Tulikuwa sisi wawili, na mama yake, Mukansanga, akiishi nyumba ya pili ndani ya ua huo huo.

Presha ndiyo iliyomchukua. Asubuhi alikunywa uji akaenda kazini, mchana nikapigiwa simu.

Siku ya mazishi ndugu zangu wa Bukavu walikuwa wamekwama mpakani, hawana karatasi za kuvuka. Nikajua sina wa kunipokea. Nikasema si neno, nitaanza mwenyewe, huenda hata hawa wakaona haya wakanisaidia. Nilinyamaza kanisani kwa heshima. Nilinyamaza njiani. Jeneza lilipowekwa pembeni mwa shimo, nikajiangusha chini na kufungua kinywa.

"Cassien, unaniachia nani? Cassien, yale mashati yako nani atayavaa, muntu wa kifua kama chako nitamutoa wapi? Ulisema unakwenda kazi, hukusema unakwenda!"

Sikufika mbali.

Hapa lazima nieleze kitu, maana sitaki mtu awaone watu wa Nkungu kuwa wabaya. Nchi hii imeona mambo ambayo mimi, mtoto wa Kadutu, sikuyaona. Huku mtu akipiga ukelele na kuanguka mbele ya watu, wanajua ni ihungabana: jeraha la zamani limefunguka, na yule mtu amerudi katika siku zile. Kila mwezi wa nne, tunapokumbuka mauaji ya kimbari, hutokea. Na wamefundishwa la kufanya. Wanamtoa polepole penye umati, wanamlaza mahali pa kimya, wanamwambia yuko salama. Ni wema. Nasema ni wema huku nimeuma meno.

Basi Uwera, mjumbe wa afya wa kijiji, alikuja na wanawake wengine wenye nguvu za kulima, wakanibeba. Wakanilaza kwenye mkeka katika nyumba ya jirani, wakanilegezea kitenge, mmoja akanipepea kwa ungo.

"Maman Micheline, uko salama," Uwera aliniambia kwa upole; Maman ni heshima tu, Micheline ndimi. "Unaitwa nani? Leo ni siku gani?"

"Leo ni siku ya kuzika bwana yangu! Muniache!"

"Bado," Uwera aliwaambia wenzake, na wakanishika vizuri zaidi.

Nilipigana nao. Kadiri nilivyopigana ndivyo walivyozidi kuona kwamba nimezidiwa, na ndivyo walivyozidi kuwa wapole. Waliponiachia, watu walikwisha kurudi kutoka makaburini na walikuwa wananawa mikono, kama desturi ya huku ilivyo, wote pamoja kwenye beseni. Nilimkuta mama mkwe wangu anakausha viganja kwenye nguo yake. Sikumtupia mume wangu udongo. Hata konzi moja.

Tangu siku ile nikawa mgonjwa. Walipunguza redio nikipita. Watoto wa majirani walikatazwa kucheza karibu na ua wetu. Nikipiga chafya kwa nguvu, Uwera anachungulia. Na kila anayekuja anasema "ihangane", nami ninaitikia, na ninaona machoni mwake kwamba anasubiri kuona kama nitapasuka. Dada yangu mkubwa Bernadette, ninayemwita Yaya, alipiga simu kutoka Bukavu.

"Ulimulilia muzuri, mudogo wangu?"

"Muzuri sana, Yaya."

"Bantu balikupokea?"

"Balinipokea."

Akasema Mungu asifiwe. Nilikaa kitandani na simu mkononi. Nilikuwa mpweke kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nje ya mlango wangu walikuwepo watu, wanasikiliza kama ninapumua.

Wakaamua nipelekwe kituo cha afya kwa mshauri. Mukansanga ndiye aliyenipeleka kila wiki. Alikuwa anatembea mbele na mwavuli wake, tukifika anakaa kwenye benchi nje ya chumba, miguu pamoja, mwavuli juu ya magoti, wala hazungumzi na mtu.

Mshauri aliitwa Umuhire, binti kutoka Nkanka, mwenye sauti ndogo na macho ambayo hayakukimbii. Chumba chake kilikuwa na viti viwili, meza, na dirisha linalotazama foleni ya kina mama wenye watoto. Nilimwambia tangu siku ya kwanza:

"Niambie nifanye nini, nirudi nyumbani. Niko na maharagi ya kupalilia."

"Unatafuta muntu akuambie cha kufanya," alisema, "ili jambo hili liishe haraka."

"Njo hivyo."

"Na ukiniona nimekaa tu, unaona ninakuchelewesha."

"Njo hivyo kabisa."

Nikasubiri ushauri. Haukuja. Akanitazama, nikamtazama. Mimi nimeuza nguo sokoni tangu usichana wangu, najua muuzaji anayeficha bidhaa, nikadhani anazuia dawa ili nirudi tena na tena. Kumbe hakuwa nayo. Nilisema neno, akanirudishia lile neno limenyooshwa kidogo. Nilisema ninachoka, akasema ninachoka na hakuna anayeona. Nilisema Uwera ananichungulia, akasema hata chafya yangu si yangu tena. Nikarudi nyumbani nikijiambia: mshauri asiyeshauri, huyu ni mwangwi wenye mshahara.

Wiki iliyofuata nilimwambia hivyo hivyo usoni. Alicheka kidogo, akakubali kwamba inachosha.

"Naona umekasirika, Maman Micheline."

"Miye? Sikasirike!"

Nilisema kwa sauti ya Kadutu. Kisha nikainamisha kichwa, nikashusha pumzi, nikakunja mikono.

"Umetazama mulango," alisema Umuhire.

"Nini?"

"Sauti yako ilipanda, na ukatazama mulango. Wiki iliyopita pia ulifanya hivyo."

Sikuwa nimejua. Nilikuwa nimekuwa mtu anayeangalia mlango. Basi nikamwambia yote: jeneza, mkeka, ungo, swali la leo ni siku gani, beseni la maji. Nilikuwa nimekwisha kuwaeleza watu wengi habari hizo, na wote waliitikia kwa kichwa namna mtu anavyomwitikia mgonjwa wa homa. Umuhire hakuitikia kwa kichwa. Alisema:

"Ulikuwa unamulilia bwana yako, na bakakutibu."

Nilijiona nimevuliwa kitu kizito shingoni. Wiki zote zile nilikuwa nimeanza kuamini kwamba labda wao ndio wanaojua, labda kweli akili yangu ilipotea pale kaburini, na sasa binti wa Nkanka amesema kwa maneno machache kitu ambacho mimi, mwenye mdomo wote huu, sikuweza kukisema.

Safari iliyofuata nilikwenda na nia ya kumjaribu.

"Na nikilia humu ndani?"

"Utalia."

"Kwa sauti?"

Hakujibu upesi. Nilipenda kwamba hakujibu upesi.

"Nitaogopa kidogo," alisema. "Miye sikulelewa hivyo. Nyumbani kwetu baba alizikwa na hakuna aliyepandisha sauti. Lakini sitakunyamazisha."

Nikalia. Mwanzoni nililia kwa woga, kama mtu anayeonja maji kwa kidole. Kisha Cassien akanijia jinsi alivyokuwa akiingia ndani bila kuvua viatu, vumbi la saruji kwenye nyusi, na sauti ikapanda yenyewe.

"Cassien, nilikugombeza juu ya viatu! Rudi uingie navyo, rudi uchafue nyumba!"

Umuhire hakusogea. Hakunipa karatasi ya kufutia machozi, hakunishika bega, hakusema vumilia. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na aliiacha pale pale. Nikasema kumbe inawezekana. Nikavuta pumzi ya kwenda mbele.

Mlango ukagongwa. Ukafunguka kabla hajajibiwa, na muuguzi mmoja, Mugwaneza, akaingiza kichwa, ana kikombe cha maji mkononi. Nyuma yake watu wa foleni wamesimama wote.

"Kuna mugonjwa amezidiwa?"

Umuhire aliinuka. Sikujua kwamba yule mtoto anaweza kuwa mrefu hivyo.

"Hapana mugonjwa humu," alisema. "Kuna mujane."

Akamfungia mlango pamoja na kikombe chake.

Lakini mimi nilikwisha kunyamaza. Kilio si bomba la maji, useme utalifunga halafu ulifungue. Kilikuwa kimekwenda, na mahali pake palikuwa pamekaa kitu kingine kilichonichoma hadi masikioni.

"Umenyamaza walipogonga," alisema Umuhire.

"Niko na hasira."

"Uko na hasira."

"Na ninyi wote! Bapole! Mulinizikia bwana na upole yenu, mukanipepea na ungo! Kama mungenipiga ningejua nimepigwa. Muntu atamushitaki nani juu ya kupepewa?"

"Na miye nimo kati yao."

"Na weye umo. Na sauti yako hiyo ndogo."

"Ndiyo," alisema.

Hakujitetea. Hakuniambia kwamba yeye ndiye aliyefunga mlango, ingawa ningekuwa mimi ningekumbusha. Alipokea ule uchungu namna mwanamke njiani anavyompokea mwenzake mzigo wa kichwani, bila kuuliza ndani mna nini. Na hasira ilipokwisha kupokelewa, chini yake nikakuta jambo dogo kabisa, nikalisema bila kupiga kelele.

"Miye sitafute kupona. Natafuta kumulilia bwana yangu mpaka mwisho. Mara moja tu. Halafu nitalima maharagi."

"Mpaka mwisho," alisema Umuhire.

"Na humu haiwezekane. Humu hayumo."

Alingoja.

"Ni kule kaburini," nikasema. "Lakini kule batanikamata tena."

Nilitaka aseme kwamba hawatanikamata. Nilitaka aseme atakuja na mimi, au ataandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji. Alisema tu kwamba ananiona nilivyo peke yangu katika jambo hili, na kwamba hana la kuliondoa. Macho yake yalikuwa yamelowa. Nikamshukuru na nikamkasirikia, vyote viwili, nikatoka.

Kwenye benchi watu wote walitazama pembeni. Mukansanga aliinuka, akakung'uta kitenge, akatangulia na mwavuli wake uliofungwa. Hapakuwa na mvua wala jua kali. Tukapanda mlima. Mbele yangu niliuona mgongo wake mwembamba na visigino vyake vilivyopasuka, nikawaza kwamba nitazeeka nyuma ya mgongo huu, katika ua huu, tukiogopana.

Tulipofika penye miti ya mikalitusi, alisimama. Hakugeuka.

"Nilisikia," alisema. Mukansanga aliuza ndizi kwa miaka mingi soko la Kamembe, Kiswahili anakijua. "Ule ukuta ni mwembamba."

Nilisimama nyuma yake.

"Siku ile, Uwera hakukuja mwenyewe. Ni miye nilimuita."

"Ulifikiri niko mugonjwa, Maman."

"Hapana." Alichomeka ncha ya mwavuli ardhini. "Nimekaa na bamama ba Bukavu sokoni, banafiwa, naenda kubapa pole. Najua banavyolia. Nilijua ni kilio tu."

"Sasa juu ya nini?"

Wanafunzi walipita wakitusalimu, akawaitikia, akangoja wapotelee kwenye kona.

"Ungeongeza neno moja, ningeanguka," alisema. "Nimezika bantu wengi, Micheline. Kuliko unavyojua. Sikulia kwa ata mumoja. Siku nitaanza, sijue kama nitanyamaza. Nikamuambia Uwera, mutoe yule, mutoe haraka."

Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: pale barabarani nilimchukia bibi kizee yule hadi kinywa kikawa kichungu. Alinitoa kwenye kaburi la mume wangu ili yeye asimame wima. Na wakati huo huo niliona alivyoushika mwavuli kwa mikono miwili, na nikajua kwamba kusema maneno yale kulimgharimu kuliko kunigharimu mimi kuyasikia. Moyo ni chombo kibovu, unapokea vitu viwili visivyopatana na hautoi hata kimoja.

"Maman," nikasema, "sikumutupia udongo."

"Najua."

"Ata kidogo."

"Najua."

Hakusema vumilia. Aling'oa mwavuli wake, akaiacha njia ya nyumbani, akashika ile ya makaburini.

Wenzake Cassien wa kiwandani walikuwa wamekwisha kulijengea kaburi. Kazi nzuri, saruji laini, msalaba umenyooka, jina limeandikwa vizuri. Sikuwa nimelitazama kwa karibu. Nilitafuta mahali ambapo udongo ungeweza kupita ukamfikia na sikupaona. Nikaweka kiganja juu ya saruji. Ilikuwa na joto la mchana. Ng'ambo ya bonde watu walikuwa wanalima, nasi tulionekana wazi.

Nilimtazama Mukansanga. Nilitaka apige magoti karibu nami. Nilitaka anipokee, hata kwa neno moja, hata vibaya. Alilitazama jina la mwanawe kwa muda, midomo imebanwa, kisha akageuka akashuka hadi pale njia inapoingilia makaburini. Akasimama pale, amenipa mgongo.

Basi nikaanza. Nilimwambia Cassien habari za viatu. Nilimwambia habari za mtoto tuliyemngoja, za jina tulilokwisha kumchagulia, jambo ambalo hatukuwahi kumwambia mtu. Nilimgombeza kwa kunywa uji na kuondoka bila kunigeukia. Nilimuuliza kwa nini alinileta kwa watu wa kimya akaniacha nao. Sauti ilifika ng'ambo ya bonde, ikarudi, majembe yakasimama.

Katikati ya machozi nikamwona Uwera anapanda mbio, kitambaa kimemdondoka kichwani, na wanawake wawili nyuma yake. Mwili wangu wote ukajikunja. Nikangoja mikono.

Mukansanga alinyoosha mwavuli, akaziba njia.

"Mumuache," niliisikia sauti yake. "Analilia mwanangu."

Uwera akasimama. Wale wengine wakasimama. Hakuna aliyekuja karibu, na hakuna aliyeondoka. Mukansanga hakugeuka kunitazama. Niliyaona mabega yake tu, yamekazwa, yanapanda na kushuka. Nikarudi kwa Cassien. Hakuna aliyenipokea. Nililia peke yangu, mpaka mwisho.